Mshipi Kiganjani

Fundi cherehani alikuwa na tabia moja. Uzi wowote ukifika mkononi mwake, lazima auzungushe kiganjani. Anapima suruali, uzi uko kiganjani. Anabishana na mteja, uzi uko kiganjani. Alikuwa ameshona miaka ishirini, na mkono ulishazoea.

Uzi wa nguo hauna shida. Shida ni kwamba sasa fundi alikuwa ameanza kuvua samaki, na mshipi wa kuvulia nao aliuzungusha vilevile.

Chumba cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba yao. Upande mmoja palikuwa na cherehani yake. Upande wa pili palikuwa na kiti na kioo cha mkewe, ambaye ni msusi. Walifanya kazi kutwa nzima huku wakitaniana.

"Mama anafika kesho asubuhi," mke alisema Ijumaa hiyo, vidole vikiwa kwenye nywele za mteja. "Na wewe umemwahidi samaki."

"Atamla," fundi alijibu.

"Samaki gani, mume wangu? Wale wa juzi wote walienea kwenye kikombe!"

Mteja aliangua kicheko mpaka msuko ukaharibika. Fundi naye alicheka, lakini moyoni hakucheka sana. Ni kweli alikuwa amejigamba kwenye simu. "Mama, nitakuvulia mwenyewe! Kichwa chake peke yake kitajaza sufuria!" Tangu aoe, mama mkwe wake alimwita "yule kijana wa sindano". Safari hii alitaka aitwe jina jingine.

Kesho yake mama mkwe aliingia, akaweka mfuko chini, wala hakuketi.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, baba. Samaki wangu yuko wapi?"

"Bado yuko baharini, mama."

"Basi unangoja nini? Twende nikamwone!"

Karibu na mji huo, bahari iliingia nchi kavu kupitia mlango mwembamba. Kando ya mlango huo ulijengwa ukuta wa mawe makubwa, ili mashua zipite salama. Mwisho wa ukuta palikuwa na taa ya kuongoza mashua, na mwanamke aliyeitunza aliitwa na wavuvi wote Mama Taa. Asubuhi hiyo alikuwa akipaka rangi mlingoti wa taa yake.

"Fundi!" aliita. "Bahari ya leo ina hasira. Baki juu, kwenye mawe makavu."

"Nimekusikia, dada!" fundi alisema. Kusikia alisikia, ila miguu yake ilishaanza kushuka. Chini ndiko kwenye samaki! Alivaa kandambili. Shingoni alining'iniza mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, ambao siku hizi ulikata chambo pia. Alitupa ndoana majini, akazungusha mshipi kiganjani mara nne, akasimama.

Mkewe na mama mkwe walikaa juu kidogo, wakimtazama.

Hawakungoja sana. Mshipi uligutuka mara moja, ukatulia. Kisha ukavutwa kwa nguvu ambayo fundi alikuwa hajawahi kuiona.

"Amekula!" alipiga kelele. "Mama, amekula!"

"Usimwachie!" mama mkwe alijibu, akaruka juu kama msichana.

Majini kuliwaka kitu cheupe. Kolekole! Tena mkubwa, mpana kama mto wa kulalia. Fundi alimwona kwa macho yake, na moyo ukamdunda kwa furaha. Alivuta. Samaki akavuta zaidi. Fundi akashuka jiwe moja, kisha la pili. Jiwe la pili lilikuwa la kijani, limefunikwa na majani laini ya bahari. Kandambili zikateleza. Kufumba na kufumbua, fundi alikuwa ameanguka ubavu, miguu yote miwili ndani ya maji.

Alitaka kuachia mshipi. Haukuachika! Mizunguko minne ilikuwa imemkaza kiganja, na damu ilianza kutoka. Samaki alikuwa akielekea mlangoni, kwenye mkondo, naye akimkokota. Mkewe aliteremka akamshika shati kwa nyuma.

"Kata!" Mama Taa alipaza sauti, akikimbia kutoka kwenye taa yake. "Kata mshipi! Wimbi linakuja!"

Mkasi ulikuwa pale kifuani. Lakini samaki! Yule samaki mzima, mbele ya mama mkwe! Fundi alisita, na nyuzi za shati zikaanza kufumuka mkononi mwa mkewe.

"Kata, mwanangu!" mama mkwe alilia. "Samaki nimekula wengi. Mkwe ninaye mmoja tu!"

Fundi alikata.

Mkono ukawa huru. Mkewe alivuta, Mama Taa akafika akamshika kwapa, wote watatu wakapanda mbio. Wimbi lilipiga jiwe lile la kijani, likachukua kandambili zote mbili. Waliketi juu, kwenye mawe makavu. Fundi alitazama maji meupe yakichemka pale alipokuwa ameanguka.

"Una bahati mkasi ulikuwa shingoni," alisema Mama Taa, akifunga kiganja kwa kitambaa safi. "Nani alikufundisha kufunga mshipi mkononi?"

"Hakuna. Ni mazoea ya kazi."

"Basi mazoea hayo yabaki kwenye cherehani. Mshipi unazungushwa kwenye kibao. Kibao unakishika hivi, kwa vidole. Samaki akikushinda, unakiachia, basi. Usiufunge mkononi, usiufunge kiunoni."

"Na pale nilipoteleza?"

"Tazama mawe. Lile kavu, jeupe, maji hayalifikii. Lile bichi au la kijani ni njia ya mawimbi, hata kama sasa hivi unaona limetulia. Mawimbi makubwa hayaji kila mara. Yanaweza kukaa kimya muda mrefu, halafu yakaja matatu mfululizo. Kwa hiyo ukifika, kaa robo saa nzima uangalie maji yanapanda mpaka wapi. Ndipo uchague pa kusimama. Na usiipe bahari mgongo."

"Robo saa bila kuvua?" fundi aliuliza.

"Wewe!" mkewe alifoka. "Bado una maneno?"

Mama mkwe alikohoa. "Na mtu akitumbukia, tumrukie?"

"Hapana, mama. Hapo tutazika wawili. Mtupie kitu kinachoelea, chenye kamba, kisha uite watu."

Mama mkwe alipaswa kuondoka Jumatatu. Hakuondoka. "Siondoki mpaka nimwone kolekole sufuriani," alisema. Wiki ile nyumba ilikuwa na shughuli. Fundi alichonga kibao cha mshipi. Mke alimnunulia viatu vya mpira vyenye meno chini. Kwa mkono uliopona nusu, fundi alishona wavu kwenye pete ya chuma, akaufunga kwenye mpini mrefu, ili samaki achotwe kutoka juu. Kisha alichukua dumu tupu la plastiki, akalivika kitambaa chekundu, akalifunga kamba ndefu. Hilo alilitundika kwenye mlingoti wa Mama Taa, kwa ajili ya yeyote atakayelihitaji.

Jumamosi walikwenda tena. Mama mkwe alishika saa. Fundi alipogusa ndoana, alipigwa kofi mkononi. "Dakika tisa bado!"

Walitazama maji. Dakika ya kumi na mbili mawimbi makubwa yalikuja, matatu, yakalowesha jiwe ambalo fundi alikuwa amelichagua kwa macho. Wote watatu walitazamana. Wakahamia juu zaidi.

Saa nne kasorobo, mshipi uligutuka.

"Amekula!" walipiga kelele kwa pamoja.

Safari hii kibao kilizunguka mkononi. Samaki alivuta, fundi akampa mshipi. Samaki alichoka, fundi akavuta. Akampa tena, akavuta tena, jasho linamtoka, miguu iko palepale kwenye jiwe kavu. Mama Taa aliacha brashi yake akaja kutazama. Kolekole alipojitokeza chini ya mawe, anang'aa, fundi hakushuka hata hatua moja.

"Mama, wavu!"

Mama mkwe aliteremsha wavu kwa mikono miwili, akamchota. Alikuwa mdogo kuliko yule wa kwanza, lakini kichwa chake kingetosha kujaza sufuria. Mama mkwe alimwinua juu huku akipiga vigelegele, na wavuvi wote ukutani wakageuka.

"Nani kamvua?" mmoja aliuliza.

"Mvuvi wangu huyu hapa!" alijibu mama mkwe.

Fundi alisikia. Akacheka. Kisha akamwona yule aliyeuliza: kijana mgeni, amesimama chini kwenye jiwe la kijani, mshipi ameuzungusha kiganjani mara tatu. Fundi alimwachia mkewe samaki, akamwinulia kijana kiganja chake chenye kovu.

"Ndugu yangu," aliita, "panda huku juu kwanza. Njoo uone."