Kikohozi Kwenye Spika

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu, fundi mitambo wa kanisa moja. Mhubiri wao alipofariki, waumini walimzika na kipaza sauti chake kidogo kifuani, eti akahubiri mbinguni.

"Huko nako akawadanganye!" fundi alifoka.

Sauti ile tamu ya mhubiri iliyowaliza watu ndiyo iliyomwambia mama mzazi wa fundi atupe dawa za kifua, amwachie Mungu. Mama alikohoa wiki tatu, akazikwa.

Siku ya tisa baada ya mhubiri kuzikwa, mchana, fundi alikwenda kushusha spika. Madirisha yalikuwa yamefungwa, ukumbini giza totoro. Betri ya kipaza sauti kile haimalizi hata siku moja. Lakini alipowasha mtambo kuzijaribu kwanza, taa ya kipokezi cha kipaza sauti cha marehemu, pale mtamboni, ikawaka kijani.

Spika zikakwaruza. Kisha kikaja kikohozi kikavu, na kimluzi cha pumzi mwishoni. Fundi alikijua, alilala nacho chumba kimoja wiki tatu.

Ikafuata sauti ya mhubiri, ndogo, imekauka: "Mama, basi. Nimekusikia."

Mkono wa fundi ulikwenda kwenye swichi, ukasita, kisha ukaongeza sauti.

Kikohozi kikaanza tena.