Mashine za Jumamosi

Kila siku alasiri, Gulnaz alipotoka madrasa, alikunywa chai harakaharaka kisha akaenda kukaa kwenye baraza la duka la baba yake mjini Kahama. Baba yake, Mzee Fahim, aliuza redio, betri na nyaya za umeme. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na televisheni na mashine moja kuukuu ya gemu. Kila jenereta ilipowashwa, watoto wa mtaa wao wa Nyahanga walipanga foleni ili kuicheza.

Mwezi wa Juni mwaka 1996, shangazi yake Gulnaz aliyeishi Uingereza alimtumia gazeti nene la gemu. Lilijaa matangazo. Kampuni moja ilitangaza mashine ya kutumia sidii, nyingine ikatangaza ya kaseti, na kila moja ilidai kuwa ya mwenzake ni takataka. Gulnaz alijua Kiingereza, maana mama yake alimfundisha nyumbani. Kila jioni aliwatafsiria wenzake kurasa mbili, nao walimsikiliza kimya. Hakuwahi kusikilizwa namna ile maishani mwake.

Baada ya wiki moja watoto waligawanyika. Marwa, mvulana wa darasa la saba mwenye mabega mapana, aliongoza upande wa sidii. Cornel, mwembamba lakini mwepesi wa hasira, aliongoza upande wa kaseti. Walibishana barazani, wakabishana njiani, na hata shuleni wakakataa kukaa dawati moja.

Jumatano gazeti liliisha. Watoto wakaanza kuinuka.

"Sasa sisi matangazo haya yatatusaidia nini?" Marwa aliuliza. "Huku mashine hizo hazifiki."

Gulnaz aliona wanaondoka. Maneno yakamtoka kabla hajayafikiria. "Baba ameagiza. Zinafika Jumamosi, zote mbili."

Makoye, rafiki yake wa darasani, alimgeukia. Baba yake Makoye, Stanslaus, alikuwa mfanyakazi wa duka hilo kwa miaka kumi. "Mbona baba hajaniambia?"

"Baba yako haambiwi kila kitu," Gulnaz alijibu.

Makoye aliinamisha kichwa. Habari ikatoka barazani, ikaingia sokoni, ikawafikia hadi vijana waliotoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu kupumzika mjini.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, Marwa alitangaza kwamba upande wa sidii ndio utakaocheza kwanza. Cornel akamtukana. Marwa akampiga ngumi ya pua, damu ikamchuruzika Cornel mpaka kwenye shati jeupe. Cornel akaokota kipande cha tofali na kumtupia, kikampasua Marwa juu ya jicho. Ndani ya dakika moja uwanja mzima ulikuwa vumbi, mateke na vilio. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikanyagwa vidole.

Mwalimu Apolonia aliwatenganisha kwa shida. "Mnagombania nini hasa?"

"Mashine za kesho, mwalimu," Cornel alisema huku akiwa ameziba pua.

"Mashine zipi hizo?"

Wengi walimtazama Gulnaz. Angeweza kusema pale pale. Badala yake aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumamosi Mzee Fahim alikuwa amesafiri kwenda Shinyanga kufuata bidhaa. Kufikia saa nne, watu zaidi ya hamsini walikuwa wamejaa mbele ya duka. Gulnaz aliwachungulia kupitia nondo za dirisha la sebule ya nyumba yao, iliyoungana na duka.

Lori lililoleta bidhaa za duka likasimama. Stanslaus alishusha boksi kubwa, akaliweka begani.

"Mwangaluka," aliwasalimu watu kwa Kisukuma kama alivyozoea. "Leo kuna nini, mbona mmejaa hivi?"

"Tumefuata mashine," kijana mmoja wa machimboni alisema.

"Mashine gani? Hizi ni betri za redio."

"Mzee anaficha," mwingine akadakia. "Anataka kwenda kuziuza machimboni."

"Sifichi kitu, mwanangu. Nipisheni nipite."

Mtu mmoja akalivuta boksi, Stanslaus akalishikilia. Kwa nyuma sauti ikasema, "Mwizi huyo." Basi ikawa hivyo. Teke la kwanza lilimpata mgongoni, akapiga magoti. Jiwe likavunja kioo cha duka. Yule kijana wa machimboni alikuwa na gongo, akampiga nalo mkononi, na Gulnaz akasikia mfupa ukilia. Makoye aliruka akamkumbatia baba yake ili amkinge. Wakamng'oa na kumtupa mtaroni. Mwingine alikuwa akiuliza kiberiti kiko wapi.

Gulnaz alijua kwamba akitoka, hasira ile itamgeukia yeye. Alifungua mlango, akatoka.

Alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Alijipenyeza kati ya miguu ya watu, akalishika boksi lililokuwa limechanika na kulipindua. Betri zikamwagika, zikabingirika kila upande katika vumbi lililolowa damu. Gongo lililokuwa limeinuliwa tena likabaki juu.

"Hakuna mashine," alisema huku analia. "Baba hakuagiza. Ni mimi niliyedanganya. Baba Makoye hajui chochote."

Watu walizitazama zile betri. Marwa, mwenye bandeji juu ya jicho, alisogea mbele.

"Ulidanganya yote?"

"Gazeti ni la kweli. Habari ya Jumamosi niliitunga."

Mtu akamrushia jiwe, likamgonga begani. Lakini Marwa alikwenda kusimama mbele yake, na Cornel akaja kusimama karibu na Marwa. Gongo likashuka. Mmoja mmoja, bila kutazamana, watu wakaanza kuondoka.

Stanslaus alivunjika mkono na kung'oka meno mawili. Jioni Mzee Fahim aliporudi, Gulnaz alimweleza kila kitu, hata yale maneno aliyomwambia Makoye. Baba yake hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda hospitali.

Makoye alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya kitanda, uso umevimba. Hakumwangalia.

"Shikamoo, Baba Makoye," Gulnaz alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Jumatatu nitasema ukweli mbele ya shule nzima. Na mpaka upone, kila nikitoka shule nitafanya kazi zako dukani."

"Marahaba." Stanslaus alizungumza polepole kwa sababu ya midomo iliyopasuka. "Mwombe radhi na huyu pia. Yeye ulimuumiza tangu Jumatano."

Gulnaz alimwomba. Makoye akasogea kidogo kwenye benchi. Gulnaz akakaa.

"Sikiliza, mwanangu," Stanslaus alisema. "Ulipenda watu wakusikilize, na hilo si kosa. Lakini anayesikilizwa akisema uongo, watu hutenda kwa kuamini uongo huo. Ulipata nafasi ya kuufuta siku ile ile ukiwa bado ni maneno tu. Ukweli wako leo umeniokoa maisha, nami nashukuru. Ila umeuchelewesha, mkono wangu ukawa umeshavunjika. Siku nyingine usingoje mpaka uone damu."