Jicho Lililovimba Halikandwi

Uvumi ule ulimganda Euphrasie kama utomvu wa fenesi: skaneri, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, inakula macho. Ulianza wakati wa vita, kwa majeruhi waliopelekwa mbali kwa ndege. Mtu anaingia na macho mawili, anatoka na moja.

Asubuhi moja, stesheni ya Kindu, mlango wa chuma wa behewa ulimpiga binti yake Falone kwenye paji la uso. Alizimia. Alipoletwa nyumbani jicho la kushoto lilikuwa limevimba, kope zimeshikana.

Euphrasie akateleka maji, akatafuta kitambaa. Jirani yake Nicole, muuguzi, akaingia mbio.

“Acha! Hapana kukanda!”

“Uvimbe si unakandwa?”

“Mguu, ndiyo. Hili pengine limepasuka, na jicho lililopasuka njo sawa na yai lenye ufa. Ukibonyeza, ya ndani inatoka. Twende hospitali!”

Huko daktari, munganga Scholastique, akasema, “Tutampiga skaneri ya kichwa. Macho nayo yataonekana.”

Euphrasie akaziba mlango. “Mutoto wangu haingii! Mashine inakula macho!”

“Mama, wale macho yao yalipasuka kabla. Wengine walikandwa nyumbani. Mashine ilionyesha tu.”

“Mama, toka mlangoni,” Falone akasema. “Hili moja bado linaona unavyonitia haya.”

Euphrasie akasogea.

Picha ikatoka. Jicho la kulia lilikuwa duara kama chungwa. La kushoto lilikuwa bapa upande mmoja, kama mpira uliopungukiwa hewa.

“Limepasuka,” munganga akasema. “Kope zimeshikana, bila picha nisingeliona. Kichwani hakuna damu.”

Wakalifunika kwa kifuniko kigumu kisichogusa jicho. Siku hiyohiyo munganga wa macho akalishona.

Baada ya majuma kadhaa, wakamziba jicho zima la kulia, wakamwuliza Falone anaona nini.

“Naona Mama. Amevaa blauzi nje-ndani.”

Wodi nzima ikacheka. Euphrasie akapiga vigelegele mpaka ukumbini. Sokoni sasa anatangaza: “Skaneri haili macho. Mikono yetu njo inakula!”

Kichwa kikigongwa na jicho likaumia:

Usilikande.
Usilibonyeze wala kulifungua kwa nguvu.
Usitie majani, maziwa ya mama, wala dawa ya duka.
Usichomoe kitu kilichochoma humo.
Usimpe aliyeumia chakula kabla ya munganga kuruhusu.
Usingoje uvimbe ushuke.
Usikimbie skaneri. Na hata picha ikiwa nzuri, usirudi nyumbani kabla jicho lenyewe halijatazamwa.