Ndevu za Fundi

Jengo la utafiti lilikuwa na lifti moja tu iliyofanya kazi, na asubuhi watu waliigombania utadhani kwenye ghorofa za juu kunagawiwa kitu cha bure. Siku moja Daktari aliingia wa mwisho, ameshika sahani ya plastiki kwa mikono miwili usawa wa kifua, viwiko kavitanua. Alivaa gauni la kijani chini ya koti jeupe alilolifunga vifungo ovyoovyo, na viatu vya chini vilivyolika visigino. Mlango ulipojifunga, mtu mmoja kule nyuma akamsukuma mwenzake, na msukumo ukafika mbele.

"Msitikise," Daktari alipaza sauti. "Tafadhali, msitikise."

Watu walicheka. Mmoja alitaka kujua kama mle ndani mna mayai au bomu. Asiyecheka alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli la buluu, sanduku la vifaa miguuni, na ndevu nyeusi zilizomshuka hadi kifuani. Aligeuka taratibu, akaegemeza mikono yake ukutani, mmoja kulia kwa Daktari na mwingine kushoto, akawapa watu mgongo. Waliotaka kusukuma wakamsukuma yeye. Walipanda hivyo, nyuso zimekaribiana kuliko adabu inavyoruhusu kwa watu wasiojuana, na Daktari alisikia harufu ya sabuni ya kufulia na mafuta ya mashine.

"Ni nini hicho kisichotaka kutikiswa?" aliuliza mwanamume kwa sauti ya chini.

"Matone ya protini. Nasubiri yatoe fuwele."

"Yatatoa lini?"

"Yakipenda."

"Basi nyinyi ndio mlioniita," alisema. "Mimi fundi wa viyoyozi na majokofu. Nimeambiwa chumba chenu cha baridi kina homa."

Ndivyo walivyojuana. Tangu siku hiyo hakumwita Daktari kama watu wengine, alimwita Msitikise, na Daktari akajifanya kuchukia jina hilo huku akigeuka haraka kila lilipotajwa.

Chumba cha baridi kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na rafu zake za chuma zilijaa sahani zenye visima vidogo, kila kisima na tone lake. Fundi alikuwa mtu wa kuuliza, na Daktari alikuwa hajaulizwa na mtu siku nyingi, kwa hiyo maelezo yalimtoka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alimweleza kwamba protini aliyokuwa akiihangaikia ni ya kijidudu cha maradhi, na kwamba ina maumbo mawili. Kwa kawaida hukaa wazi. Dawa ikiingia ndani yake, hujikunja na kufumba, kama kiganja kinavyofumba jiwe. Umbo la wazi lilikwisha kujulikana. La kufumba hakuna aliyewahi kuliona, na bila kuliona watengenezaji wa dawa walikuwa wakipapasa gizani. Ili lionekane, protini zenyewe zilipaswa kukubali kujipanga safu kwa safu hadi zigeuke fuwele, ndipo zipigwe picha kwa eksirei.

"Kwa hiyo kazi yako ni kubembeleza," alisema Fundi akiwa juu ya ngazi, kichwa kimeingia kwenye feni.

"Nabembeleza miaka yote hii na hazinisikii."

"Mimi nikibembelezwa nasikia upesi."

Daktari alicheka hadi miwani yake ikaingia ukungu.

Feni ile ikaanza kuharibika mara kwa mara, au tuseme Fundi akaanza kuitembelea mara kwa mara. Alikuwa akikwangua barafu na vumbi kwenye rafu, vyote vikimwangukia kichwani, na akishuka Daktari anampangusa ndevu kwa leso kabla hajaenda kuinama pamoja naye kwenye hadubini, wakitazama kisima hiki na kile. Jioni walipigiana simu hadi betri zikafa. Fundi alikuwa na hadithi za wateja wake wote, na Daktari alikuwa na hadithi moja tu, lakini kila siku aliisimulia upya. Dada yake mkubwa alipoonyeshwa picha aliuliza kama huyo ni mwanamume au fagio. Daktari alimwambia ni fagio, na kwamba limemfagia moyo wote. Hakuwahi kusema maneno hayo kwa Fundi mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao mapenzi wanayo tele, ila kuyatamka mbele ya mwenyewe ni sawa na kuvua nguo sokoni.

Kisha mama yake Fundi akasafiri safari ndefu kuja kumwona mkwe. Walipanga kukutana mgahawani mchana, na mama alishona gauni jipya la zambarau kwa ajili hiyo. Mchana huohuo, katika kisima kimoja kule kwenye rafu ya chini, Daktari aliona vijiti viwili vyembamba vinavyong'aa. Havikuwepo jana. Aliganda pale kwenye hadubini, simu yake iko kabatini pamoja na mkoba, na alipokumbuka kuna mtu anaitwa mama mkwe, jua lilikuwa linazama.

Alimpigia Fundi.

"Mama amekusubiri mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza," Fundi alisema. "Alikataa kula. Alisema atakula na wewe."

"Mpenzi, zimetoka. Fuwele zimetoka. Ni ndogo sana, lakini umbo ni jipya, nina hakika."

"Nimekuambia mama amekusubiri."

"Ungeona nilichokiona ungefurahi."

"Ningefurahi kama ungenipigia uniambie. Hukunikumbuka, basi."

Hapo palitosha neno moja, pole, nalo halina gharama. Lakini Daktari alikuwa na furaha upande mmoja na aibu upande wa pili, na mtu wa namna hiyo huropoka. Alisema mama anaweza kuja tena siku nyingine, fuwele haziji mara mbili. Fundi akamtakia usiku mwema kwa heshima zote, kama anavyomtakia mteja. Wiki iliyofuata alikuja kwenye feni mzee mmoja mkimya, kidevu chake laini kama kikombe. Fundi alikuwa ameomba apangiwe jengo lingine.

Siku ile ya vijiti ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Vilikuwa vidogo mno, na picha yake ilitoka ukungu mtupu. Daktari alitega matone mengine, akabadilisha chumvi, akabadilisha joto, akabadilisha hata vidole vya kushikia. Hakuna kilichoota. Profesa, bosi wake, alimwambia kwamba zamu yao ya mashine ya eksirei inakaribia na wasipokuwa na kitu cha kupiga picha watapewa wengine. Daktari aliitikia, na usoni alikunjika kama mtu anayewaza kazi. Ukweli ni kwamba kilichokuwa kikimtafuna hakikuwa kwenye sahani. Alimtaka Fundi arudi. Alimtaka hadi akajikuta ananusa leso aliyompangusia ndevu. Dada yake alimwambia apige simu aombe msamaha, yaishe. Akajibu kwamba hawezi kumpigia mwanamume magoti, na dada mtu akakata simu kwa hasira.

Siku moja wakinywa chai, Profesa alileta porojo. Alisema wakongwe wa kazi hii waliamini kwamba vumbi la fuwele hujificha kwenye ndevu za mtu anayeshinda maabara. Akiinama juu ya tone, punje moja inaanguka ndani, na hiyo punje ndiyo mbegu. Protini zilizokuwa hazijui zijipangeje zinaifuata. Mwenye ndevu akihama, hakuna kinachoota tena.

"Basi zetu zimehamia jengo la pili," alisema mwenzao mmoja waliyempa jina la Kasuku kwa sababu hakuwa na breki mdomoni.

Wote walicheka isipokuwa Daktari. Moyo wake ulikuwa umeruka, wala haukuruka kwa ajili ya sayansi. Kwa miezi alikuwa akitafuta sababu ya kumpigia Fundi ambayo haitamvunjia heshima, na sasa Profesa kamwekea sababu hiyo mezani pamoja na sukari. Kasuku alimwona anavyoichukua simu na kumuuliza kwa jicho la pembeni kama mambo yanarudi.

"Namwita kwa ajili ya ndevu tu," alisema Daktari, akijitia hamnazo. "Vinginevyo nimpigie wa nini."

Alitoka nje kupiga.

"Fundi."

"Msitikise." Alikuwa hajalisahau jina.

"Feni inapiga kelele."

"Mzee niliyekuleteeni anaijua feni ile kuliko mimi."

"Nataka uje wewe."

Fundi akarudia polepole, "Unataka nije mimi?"

"Ndiyo."

"Kesho asubuhi nitakuwa hapo."

Fundi hakuwa mjinga. Alijua feni haina shida, na kwa kulijua hilo alifurahi kupita kiasi. Alimpigia mama yake akamwambia yule mtu amepiga simu, kwa mdomo wake mwenyewe. Mama, ambaye gauni lake la zambarau lilikuwa bado linamuuma, alimwambia nenda mwanangu, na vaa shati la maana.

Basi akaja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono, ndevu kazichana na kuzipaka mafuta, na hakubeba sanduku la vifaa. Daktari alimwona kwa mbali akiingia, akakiona kile alichokuja nacho na alichoacha. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo asubuhi hiyo na kuifuta mara mbili. Aliinuka amwendee. Kasuku akamtangulia.

"Karibu, karibu sana. Ingia moja kwa moja, uzitikise juu ya sahani zetu." Na kwa kuwa Fundi alionekana kutoelewa, akamweleza yote, mbegu, vumbi na wakongwe. "Daktari amekuita kwa ajili ya hizo ndevu. Amesema mwenyewe."

Fundi alimgeukia Daktari. Alikuwa bado anatabasamu, kama mtu anayengoja aambiwe ni mzaha.

"Umeniita kwa ajili ya ndevu?"

Profesa alikuwa mlangoni na kikombe chake. Wanafunzi wawili walikuwa wameacha kazi wanatazama. Daktari alikuwa na la kusema, lilikuwa limemjaa kifuani miezi yote hiyo, lakini lilipofika kooni liliyaona macho ya watu likarudi.

"Pia," alisema.

Ilikuwa kweli tupu. Lakini Kasuku alicheka, Profesa akacheka kidogo, na Daktari, Mungu amsamehe, akacheka nao. Fundi aliangalia mikono ya shati lake. Akauliza kwa upole ni sahani zipi. Alipoonyeshwa aliinama juu yake moja baada ya nyingine, akiwa makini asitikise kitu, kisha akaaga kila mtu na kutoka. Daktari alimfuata hadi kwenye lifti. Mlango ulikuwa umekwisha kujifunga.

Kesho yake kulikuwa na bahasha ya kaki mapokezi. Haikuwa na barua. Ndani mlikuwa na ndevu zote, ndefu, nyeusi, bado zinanukia mafuta. Daktari aliketi sakafuni palepale mapokezi na koti lake jeupe akalia kwa sauti, na yule dada wa mapokezi hakujua ashike simu au ashike mtu. Kasuku, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema, aliichukua bahasha akaenda nayo juu. Ndevu zilisuuzwa, na maji yake yakatiwa kidogokidogo kwenye matone.

Kama zilikuwa ndevu, au kama ni sahani zilizoinamiwa, au kama zilipenda tu zenyewe, hakuna anayeweza kuapa. Fuwele ziliota. Ziliota nyingi, nene, zenye kingo kali. Eksirei ikazipiga, kompyuta ikachora, na siku Profesa alipoliwasha umbo lile kwenye skrini kubwa, watu wote waliinuka kwenye viti. Protini ilikuwa imefumba, na dawa iko ndani yake, imeshikwa kila upande. Watu walipiga makofi. Wengine walimkumbatia Daktari wakidhani machozi yale ni ya ushindi. Yeye alikuwa akifikiria kwamba mtu mmoja tu duniani angeuliza swali zuri kuhusu umbo lile, na mtu huyo hayupo.

Alitoka akaenda kwenye ngazi, akapiga simu. Safari hii alikuwa amepiga moyo konde.

"Fundi, ni mimi."

"Nimeijua sauti. Nasikia mmefanikiwa. Hongera sana, Daktari."

Daktari alilisikia lile jina, Daktari, likimwingia mwilini.

"Sikukupigia kwa ajili ya hilo," alisema. "Nakupenda. Siku ile ulipokuja nilikuwa nakupenda, nikaona haya mbele ya watu. Nilizitumia ndevu kama kisingizio, na ningeweza kutumia chochote. Niombee msamaha kwa mama. Au nipeleke nikaombe mwenyewe. Nioe, Fundi. Nakuomba."

Kule aliko Fundi mashine ilikuwa inanguruma, kisha ikazimwa. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Daktari kuliko yote.

"Safari hii kimeharibika nini huko?" Fundi aliuliza. Hakuwa anakejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua abebe vifaa gani.

"Hakuna kilichoharibika."

"Maana kama ni feni, nitamtuma mzee."

"Fundi, nimesema nakupenda."

"Nimesikia," alisema. "Nimesikia vizuri. Ila kila nikilisikia neno hilo najiuliza mnahitaji nini, na sijui nitaacha vipi kujiuliza. Sitaki kumwoa mtu huku najiuliza."

Alimwambia abaki salama, akakata. Daktari alibaki amesimama na simu sikioni hadi Kasuku akafungua mlango wa ngazi kumwambia Profesa anataka wapige picha ya pamoja. Alijipangusa uso kwa mkono wa koti akaenda. Walimweka katikati, wakamwambia atabasamu, akatabasamu.