Karibu Tena, Raudha

"Wifi, hebu nisomee hapa kwa sauti. Labda macho yangu hayajapona uzazi."

Salsabil hakusoma. Alibaki kasimama katikati ya jiko, mfuniko wa boksi mkononi. Keki aliioka mwenyewe, ndiyo kazi yake. Harusi nyingi za Buguruni zinakata keki zake. Krimu ya waridi, maua pembeni, na katikati maandishi ya chokoleti yaliyonyooka kweli kweli: KARIBU TENA NYUMBANI, RAUDHA.

"Nimesema soma, Salsabil."

"Wifi Koku, mie nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Jina la mtoto."

Kokuberwa akashika ukingo wa sinki. Ilikuwa siku ya saba tangu ajifungue. Mbuzi wa akika alishageuka pilau, turubai limefungwa uani hapo Chamazi, wanaume wamekaa na kanzu zao wakisubiri mtoto atolewe nje atajwe jina. Kumbe jina la mwanawe lilifika kwenye keki kabla halijafika masikioni mwake!

Na Raudha alimjua. Nani asiyemjua? Alikuwa mke wa kwanza wa mumewe, Walid, na dada mkubwa wa huyu huyu Salsabil, aliyefariki kwa ugonjwa wa figo kabla Kokuberwa hajaolewa. Yeye na Walid walikuwa binamu, watoto wa kaka na dada. Picha yake mpaka leo iko sebuleni kwa mama mkwe, na kila Kokuberwa akienda kusalimia, inamtazama.

"Nani kakutuma uandike hivi?"

Salsabil akatoa simu, akafungua meseji. Ilitoka kwa Walid.

"Salsa, keki ya Jumamosi andika: Karibu tena nyumbani, Raudha. Usimwonyeshe mtu mpaka tukate."

Kokuberwa aliisoma, akairudia.

"Mwanangu kazaliwa juzi," alisema taratibu. "Aliondoka lini hata akaribishwe tena?"

Machozi yakamtoka Salsabil. "Wallahi wifi, mie jina la dada yangu sijaliandika tangu tumzike. Lakini nikasema, kama mwenye mtoto karidhia, mie nani nikatae?"

"Funika hiyo keki. Kaniitie Walid."

Walid aliingia chumbani akikunja mikono ya kanzu. Mume mwenye kosa utamjua. Hajui mikono aiweke wapi. Kokuberwa alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani.

"Koku, vipi? Ami Matar anakaribia kumaliza kisomo, mtoto anasubiriwa."

"Anasubiriwa nani? Mtoto au Raudha?"

Walid akasimama wima.

"Nani kakwambia?"

"Keki."

Halafu akajitutumua, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana hoja.

"Mke wangu, mie nilikuuliza. Mimba ikiwa changa nilikuuliza, ikiwa kubwa nikakuuliza tena, unataka jina gani? Ulinijibu nini?"

"Nilisema nyie ndio wenye mtoto."

"Basi! Si uliridhia mwenyewe?"

"Sikuridhia, Walid. Niliheshimu. Kwetu sisi, nyumbani kwa baba yangu Bukoba, mwanamke haendi ukweni akadai jina. Jina linatoka kwa ukoo wa mume, mama anakaa anasubiri kuambiwa. Na mie nimesubiri kuambiwa. Sikusubiri kusoma kwenye krimu!"

"Sasa mie ningejuaje? Huku kwetu mwanamke asiyelitaka jina anasema. Mama yangu, mimi nilipozaliwa, aligoma kula mpaka wazee wakalibadilisha. Mtu akinyamaza tunajua kakubali."

Mmoja alinyamaza kwa adabu, mwingine akasikia ndiyo. Wakalala kitanda kimoja miezi tisa, kila mtu na ndiyo yake. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila Walid huyo mshindo hakuutegemea siku ya wageni.

Mlango ukasukumwa. Aliingia Bi Hamdiya, mama yake Walid, buibui limefukizwa udi na uso umekunjwa.

"Nyie watoto mna nini? Watu wazima wanasubiri nje!"

"Mama," alisema Kokuberwa, "naambiwa mwanangu anaitwa Raudha."

"Ndiyo. Kwani kuna ubaya? Raudha ni jina la mama yangu mzazi, Mungu amrehemu. Kabla halijawa la mtoto wa kaka yangu lilikuwa la mama yangu. Sie watu wa pwani jina hatulizikii na mtu, mwanangu. Mtu anakwenda, jina linarithiwa, na kila likiitwa anapata dua yake. Hilo ni jambo la heri."

"Nakuelewa, Mama. Lakini kwetu jina la marehemu haliji peke yake. Ukimpa mtoto jina la babu, umemrudisha babu nyumbani, na anakaa pale pale alipokuwa anakaa. Sasa huyu mnayemrudisha alikuwa anakaa wapi?"

Walid akaanza kukunjua mikono ya kanzu.

"Alikuwa anakaa hapa nilipokaa mimi," Kokuberwa alijibu mwenyewe, sauti ikikwaruza. "Mke mwenza aliye hai ningemwona, ningenuna naye, yangekwisha. Huyu aliye kaburini nitagombana naye vipi? Nimebadili dini, nimebadili mavazi, hata ndizi siku hizi naziunga nazi. Mwanangu simbadilishi awe mtu mwingine."

"Astaghfirullah! Hayo ni mambo ya mizimu. Nimekwambia ni jina la mama yangu!"

"Lingekuwa la mama yako tu, ningelipokea kwa mikono miwili. Ila mama yako hajawahi kuishi nyumba hii hata aandikiwe karibu tena nyumbani."

Bi Hamdiya akageuka polepole kumtazama mwanawe.

"Karibu tena? Uliandika hivyo, Walid?"

Walid aliangalia sakafu.

"Naomba mtoke," alisema Kokuberwa. "Mtoto haendi popote."

Akawasindikiza kwa macho mpaka kizingitini, akabana komeo.

Nje kisomo kiliisha. Sauti za wanaume zikapungua, zikabaki za vijiko na minong'ono. Kokuberwa alivuta begi kutoka juu ya kabati, akaanza kutia nepi na vinguo vya mtoto. Mikono ilikuwa inafanya kazi, lakini aliogopa. Aliogopa kwa sababu alimpenda yule mwanaume, na kumpenda hakujapungua hata kidogo na hayo yote.

Simu ikaita. Kaka yake, Ansbert, mwalimu wa Kinondoni, ndugu pekee wa upande wake aliyekuwa chini ya turubai.

"Koku, kuna nini huko? Watu wameanza kutazamana."

Akamweleza.

Ansbert alikohoa. "Dada, kwa mila zetu jina hatuna kauli. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake."

"Kaka, ulikuja kwangu au ulifuata pilau?"

"Ngoja nimalize. Kauli ya jina sina. Kauli ya dada yangu ninayo. Ukisema tuondoke, nakodi bajaji sasa hivi na hakuna atakayenizuia. Ila usiondoke kwa sababu ya keki. Ondoka kwa neno lililotoka kinywani mwa mumeo. Umeshamuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Unachokiogopa."

Alipokata simu, alikaa akamtazama mwanawe akilala, ngumi zimekunjwa. Kisha akaandika.

"Walid, nijibu moja tu. Bila mama, bila ukoo. Kila ukimwita mwanao, moyoni mwako ataitika nani?"

Juu ya kioo ikatokea: anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena. Ikapotea. Kokuberwa alijiambia akidanganya ataondoka, akisema kweli ataondoka vile vile.

Jibu likaingia.

"Raudha."

Liliuma. Aliishusha simu kifudifudi kwenye shuka, akabana meno asimwamshe mtoto. Hapo hapo akasikia kitu kizito kikiegemea mlango kutoka nje, kikashuka mpaka chini. Walid alikuwa amekaa sakafuni na kanzu yake nyeupe.

"Koku, nifungulie. Mengine siwezi kuyaandika."

"Sema hapo hapo. Nakusikia."

"Sikumlilia," alisema Walid. "Siku ya msiba nilikuwa nakimbizana na wageni na maturubai. Baada ya arobaini Mama akasema mwanaume hakai peke yake, watu wakaanza kunitafutia mke. Nikasema nitatafuta mwenyewe, nikakupata wewe. Na nilikupenda, Koku, sikukuoa kuziba pengo. Lakini humu ndani jina lake silitaji. Nikilitaja unakuwa baridi siku nzima. Nikafikiri likiwa la mtoto, nitaliita bila kumkosea mtu."

Kokuberwa alitaka kukasirika zaidi, lakini maneno yale yalikuwa kweli. Aliikumbuka siku Walid alipochota mchuzi akasema, "Raudha alikuwaga anatia ndimu hapa," na yeye akanyanyua sahani, akaenda kula jikoni peke yake. Tangu siku hiyo Walid hakusema tena.

"Nilikuwa naogopa," alisema karibu na mlango. "Marehemu hana kasoro, Walid. Haunguzi wali, hanuni, hazeeki. Ningeshindana naye kwa lipi?"

"Hakuna aliyekushindanisha naye."

"Picha yake inanishindanisha. Mama yako anaposema 'Raudha angefanya hivi' ananishindanisha. Na sasa ungemshindanisha na mtoto! Siku akikosea ungemwambia Raudha hakuwa hivyo. Mtoto wa siku saba unamtwisha maiti?"

Kule nje ya mlango Walid alipumua kwa kukatika katika.

"Nisamehe. Hilo sikuliona."

Komeo likafunguliwa. Walid akainuka haraka, macho mekundu. Aliona begi kitandani, akaliona limejaa.

"Unaondoka?"

"Sijui. Nenda kampe mwanao jina."

"Sema wewe unalotaka. Lolote. Nitalitaja."

"Hapana. Kwetu jina anatoa baba, na hilo silibadili kwa sababu nimekasirika. Ila safari hii ulitoe wewe. Siyo mama yako, siyo kaburi. Na ulitaje mbele yao wote." Akamwekea mtoto mikononi. "Ukilitaja la Raudha, sitakupigia kelele. Utarudi humu utakuta kitanda kitupu, basi."

Walid akatoka na mtoto. Kokuberwa alisimama nyuma ya pazia la dirisha, kidole kimelishika pembeni. Alimwona mumewe akipita katikati ya wazee, Bi Hamdiya amesimama barazani na kina mama wenzake, Ansbert amesogea karibu na geti.

Ami Matar, mkubwa wa ukoo, alimpokea mtoto akamwombea dua, akamrudishia baba yake.

"Haya, Walid. Binti yetu anaitwa nani?"

Walid alimtazama mtoto mpaka mzee mmoja akaguna.

"Anaitwa Afua."

Barazani kukawa na purukushani. "Afua?" Bi Hamdiya alisema kwa sauti. "Afua wa nani? Ukoo wetu hauna Afua!"

"Ndiyo, Mama. Hatujawahi kuwa naye. Ni la kwake mwenyewe."

"Na Raudha? Si tulikubaliana?"

"Raudha nilimzika, Mama. Sikuwa nimemlilia tu."

Na hapo, mbele ya wafanyabiashara wenzake wa Buguruni wanaomjua kwa ukali wa bei, Walid akalia. Akalia na mtoto mikononi, bila kujificha. Salsabil alishuka barazani akamshika bega, naye akilia. Hakuna mzee aliyemwambia nyamaza mwanaume. Ami Matar alifuta miwani yake kwa ncha ya kanzu, akasema, "Afua binti Walid. Jina la msamaha na uzima. Mungu amkuze."

"Amin," wakaitikia.

Nyuma ya pazia Kokuberwa alikaa chini. Moyo ulimjaa mpaka akashindwa kulia. Baadaye alisikia mlango, akadhani ni Walid. Alikuwa Bi Hamdiya, na mtoto mkononi. Mama mkwe alimlaza Afua, akaliona begi, akalishusha chini bila kuuliza.

"Ungeniambia mapema kwamba jambo linakuchoma, mwanangu."

"Kwetu mkwe hafokewi, Mama."

"Kwetu anafokewa. Jifunze," alisema Bi Hamdiya, na midomo yake ikacheza kidogo. "Mie mwenyewe nilimfokea mkwe wangu kila Idi."

Wageni walikula, wakaaga. Ansbert naye alisubiri mpaka dada yake alipomwonyesha dole gumba kupitia dirishani, ndipo akaondoka. Walid aliingia chumbani akiwa amechoka, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Kokuberwa alikuwa ananyonyesha.

"Haya," alisema. "Niambie."

"Nikwambie nini?"

"Raudha alikuwa mtu wa namna gani? Na usiniambie alikuwa malaika, nitakutoa nje ukalale na masufuria."

Walid alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akafikiri, akajikuna kidevu.

"Alikuwa anakoroma," alisema mwishowe.

"Raudha?"

"Nyumba nzima inasikia. Ukimwamsha anaapa siyo yeye, anasema ni mimi."

Kokuberwa alicheka, akacheka mpaka Afua akaachia ziwa na kuanza kulalamika. Akamrudishia, akasogea pembeni, Walid akapata pa kuegemea.

"Endelea," alisema.