Gauni la Mke wa Mstaarabu

Kidoti alijichoma sindano, na tone la damu likaangukia gauni jeupe la mteja. Kwa fundi nguo hakuna balaa linalozidi hilo. Dada yake aliruka kutoka kwenye cherehani, akalowesha kitambaa, akarudi mbio, lakini alipoinama kusugua hakuona kitu. Gauni lilikuwa jeupe pe, kavu, kama limetoka kupigwa pasi sasa hivi.

"Doa liko wapi?"

"Lilikuwa hapa, dada. Nimeliona linaingia ndani."

"Basi tumshukuru Mungu. Endelea na kazi."

Angejua, asingeshukuru. Lakini mtu aliyenusurika aibu mbele ya mteja hana muda wa kuuliza maswali.

Dada mtu ndiye aliyekuwa na duka, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Lilikuwa duka la chumba kimoja: cherehani mbili, meza ya kukatia, benchi la wateja, na pazia kwenye kona kwa ajili ya kujaribia nguo. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni, alishona vifungo na pindo kwa mkono. Wazazi wao walipofariki alikuwa bado ananyonya kidole, Fundi akamlea kama mwanawe. Hakuwa na mwingine duniani.

Gauni lililetwa na mwanamume waliyempa jina la Mstaarabu, maana alisalimia kwa upole na hakukaa mpaka aambiwe kaa. Hakutoka jasho, hata saa ambazo bati la paa liliwachemsha wengine. Aliposimama palibaki harufu ya chuma kilichonyeshewa. Alisema gauni lilikuwa la marehemu mke wake, anataka lipunguzwe kiuno.

"Lipunguzwe lifikie kiuno cha nani?" Fundi aliuliza, futi ya kupimia mkononi.

Mstaarabu alimwelekezea Kidoti kidevu. "Cha huyu."

Tangu hapo alikuja kila jioni, akakaa kwenye benchi na kuongea na Kidoti kwa sauti ya chini. Alimwambia kwamba zamani, kabla mji haujajengwa, yeye Kidoti alikuwa mke wake, akafia mikononi mwake, na kwamba amezunguka dunia karne na karne akisubiri azaliwe tena. Kwamba yeye ni jini alilitaja kama mtu anavyotaja kazi yake. Kidoti alisikiliza mdomo wazi. Na kila jioni mgeni alipoondoka, Kidoti alibaki amepauka zaidi, na matundu ya sindano yaliongezeka vidoleni, mengine yakatokea mahali sindano haifiki: shingoni, nyuma ya sikio.

Wapo watakaosema hayo ni mapenzi. Mimi siyaoni. Jitu la miaka maelfu linakaa mbele ya binti wa miaka ishirini, lenyewe linajua kila kitu na yeye hajui lolote, kisha anaambiwa kwamba alishakubali kabla hajazaliwa. Kama huo si mtego, sijui mtego ni nini.

Fundi naye hakuyaona. Jioni moja uzalendo ulimshinda.

"Bwana, samahani. Huyo mkeo wa zamani alikuwa anachekeshwa na nini?"

Mstaarabu alimgeukia. "Hakuwa na haja ya kucheka. Alikuwa na mimi."

Gurudumu la cherehani ambayo hakuna aliyeigusa likazunguka mara moja, likatulia.

Kesho yake mchana, Fundi aliufumua mshono wa ubavuni na kulinyanyua gauni kwenye mwanga wa dirisha. Mshono wa zamani hata ukifumuliwa huacha matundu, na pale palikuwa na mistari ya matundu isiyohesabika, mstari wa mwanamke mpana wa nyonga, wa mwembamba, wa msichana ambaye kifua kilikuwa hakijajaa, na kwenye pindo vilevile, wa mrefu, wa mfupi, mmoja juu ya mwingine mpaka kitambaa kimekuwa kama chujio.

"Njoo uone," alinong'ona. "Mke mmoja gani huyu, leo mnene kesho mwembamba? Hakutafuti wewe, mdogo wangu. Anatafuta yeyote wa kuingia humu."

Kidoti alitazama, akarudi kwenye vifungo vyake.

Jioni Mstaarabu alipoingia, Fundi hakumsalimia. Alichukua mkasi mkubwa akaanza kulikata gauni mbele yake, akalikata kifuani na kiunoni, na kila alipokata zilisikika pumzi za wanawake zikitoka kwenye kitambaa kana kwamba walikuwa wamebanwa humo tangu enzi, harufu ya chuma ikajaa chumbani, kitu cha moto kikamtiririka viganjani asikiangalie, akaendelea kukata huku analia kwa woga mpaka mkasi ukakosa cha kushika.

"Mwambie aache, mke wangu," Mstaarabu alisema. Sauti haikuwa ya kubembeleza tena. Ilikuwa amri.

Kidoti hakusogea.

"Basi sitakanyaga hapa mpaka niitwe," akasema Mstaarabu, akatoweka, na benchi likabaki tupu, limelowa.

Fundi alimkumbatia mdogo wake akalia kwa furaha. Vipande alivitia kwenye gunia, na asubuhi akatoka kununua mafuta ya taa ili avichome. Aliporudi, akiwa bado barabarani, alisikia cherehani inakwenda mbio.

Kidoti alikuwa ameviunga vipande vyote. Mishono ilikuwa mizuri ajabu, na gauni lilikuwa jembamba kuliko mwanzo.

"Umefanya nini, we mtoto?"

"Yale matundu niliyaona kabla yako, dada. Si mimi ndiye nafumua pindo? Niliyaona siku ya kwanza."

"Sasa?"

"Mimi hakuna aliyewahi kunitafuta. Hata kwa uongo."

"Na mimi je? Mimi sikukulea?"

"Ulinilea kwa sababu niliachwa kwako. Hukunichagua." Akakata uzi kwa meno. "Nimeshamwita."

Maneno yale yalimuumiza Fundi kuliko chochote alichowahi kuambiwa. Alilivuta gauni, Kidoti akalishikilia, na mikono yake ilikuwa miepesi kama mikono ya mgonjwa. Ndipo harufu ya chuma ikapita chini ya mlango.

"Hodi," sauti ya upole ilisema nje.

Fundi alimziba mdomo mdogo wake, akambana kifuani kwa nguvu zake zote, akimnong'oneza sikioni nyamaza, nakuomba, nakuchagua, hata ungekuwa si ndugu yangu ningekuchagua wewe, na sauti ikarudia "hodi" bila haraka yoyote, na chini ya kiganja chake akahisi midomo ya Kidoti, baridi, ikisogea taratibu kusema, "Karibu."