Taa ya Germaine

Jumamosi, saa kumi alasiri.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi la Ambroise. Wanaume wanne, viti vitatu. Masengo alikalia gunia la muhogo, bastola kiunoni, miguu mbele kama mwenye nyumba. Bitota, dereva, alikuwa anachambua samaki mkavu kwa vidole na kumwekea Ambroise vipande visivyo na miiba.

Tshilumba alipiga goti, akachora sakafuni kwa chaki. Mstari mrefu: reli. Mraba: kibanda cha mlinzi. Kisha visanduku kumi na viwili, kimoja nyuma ya kingine.

"Treni iliingia jana," alisema. "Kesho saa tatu Kamina yote iko ku misa. Ku gare, ku stesheni ya treni, anabaki mulinzi moja. Masengo atamufunga kamba. Tunatoa batri za sola, tunapakia ku lori ya Bitota, tunaenda."

"Wagoni ni kumi na mbili," Masengo alisema. "Tukifungua moja moja, padri atatoka kanisani, atatukuta ku ya tano, atatubariki."

"Njo maana tuko na vieux Ambroise." Tshilumba alimgeukia mzee wa duka. "Uwaeleze, papa."

Ambroise alikohoa. Tangu mkewe afe, hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya watu zaidi ya mmoja.

Watu wa reli, alieleza, na wale Wakasai waliofukuzwa hapa miaka ile ya tisini na mbili na tisini na tatu, walitawanyika kama mtama uliomwagika. Mmoja Mbuji-Mayi, mwingine Kananga, mwingine Ulaya. Wakaanzisha baraza kwenye mtandao ili watafutane. Yeye ndiye aliyelijenga, kwa mikono hii. Baadaye wachuuzi wakaomba folda ya kuwekea picha za mizigo yao: behewa likiwa wazi, halafu mlango umefungwa na alama yake ya chaki. Hawakutaka kila mpita njia azione. Wakamwambia atie kufuli.

"Minyi mwenyewe sikutengeneza funguo mupya," alisema. "Bantu, watu ya baraza, walikuwa tayari na majina yao mule, na maneno yao ya siri. Niliambia folda: mutu akigonga, muulize baraza. Baraza ikimujua, fungua."

"Basi, gonga," Masengo alisema.

"Minyi baraza hainijue tena. Nilijifuta."

Hakueleza zaidi. Wiki ile ya msiba alilifuta jina lake mwenyewe, kwa hasira na ulimwengu mzima. Hasira ilipopoa, aligundua kwamba kurudi kunahitaji wanachama wawili wa kumdhamini. Kwenda kubisha hodi kwa watu aliowafungulia mlango yeye mwenyewe? Hapana. Akabaki nje. Hakuna aliyeuliza yuko wapi, au kama waliuliza, waliuliza humo ndani, asikoweza kusikia.

"Nani atagonga?" Tshilumba aliuliza.

"Germaine. Bibi yangu wa ndoa."

"Iko wapi?"

"Ku makaburi."

Masengo alicheka. Bitota alimtazama, kicheko kikakatika.

"Mu baraza yetu hatufute jina ya mutu aliyekufa," Ambroise alisema. "Bantu wanaendelea kumuandikia. Siku ya Mungu, siku ya Noeli. Folda haijue kama mutu ni muzima. Inauliza tu kama iko na jina. Na neno lake ya siri minyi njo nilimuchagulia."

"Hujawahi kuitumia?" Bitota aliuliza polepole.

"Jina ya marehemu hatuguse."

Tshilumba alifuta chaki kwa kiganja. "Kesho tutagusa."

Walipoondoka, Bitota alibaki nyuma, akaacha samaki juu ya meza. Alikuwa akimletea hivyo kila aliporudi kutoka Kinkondja. Wale watatu walikuwa wakija kula hapo tangu kiangazi, wakimtania, wakimaliza muhogo wake. Ambroise hakuwa mjinga. Alijua wanataka nini. Lakini nyumba yenye wezi wanaocheka ina joto kuliko nyumba tupu.

"Papa," Bitota alisema mlangoni, "kesho tukitoka, tunatoka na weye. Nitakupitia. Sitakuacha peke yako hapa."

Jumapili, saa tatu asubuhi.

Kengele ya misa ilikuwa imenyamaza. Ambroise alikaa mbele ya kompyuta iliyolishwa na betri moja ya sola chini ya meza. Simu ilikuwa kando ya mkono.

Aliandika jina la mkewe. Vidole vikasita. Kisha akaandika neno la siri: jina la stesheni ndogo ambako walipewa nyumba yao ya kwanza.

Folda iliuliza. Baraza likajibu kwamba linamjua. Mlango ukafunguka bila mlio.

Picha zilishuka polepole. Magunia ya mahindi. Mafuta ya mawese. Vitenge. Behewa la nne: betri, zimepangwa hadi darini, na mlango wenye msalaba wa chaki ndani ya duara. Mbele yake alisimama Kanyinda, mkubwa wa wachuuzi, tumbo mbele, akitabasamu kama bwana harusi.

Ambroise alipiga simu. "Ya ine. Musalaba ndani ya duara."

"Sawa, vieux," Tshilumba alisema, na kukata.

Kazi yake ilikuwa imekwisha. Alipaswa kufunga, avae koti, amngoje Bitota. Badala yake alibonyeza mara moja kurudi kwenye baraza, atazame tu nyumba aliyoijenga.

Hapo akaona kosa lake.

Kando ya jina la Germaine iliwaka taa ndogo ya kijani.

Alipoijenga folda, alitaka kupunguza kazi. Aliipitisha kwenye mlango uleule wa baraza, na mlango huo humwashia taa kila anayeingia, ili wenzake wajue yupo. Enzi zile kila mwanachama alikuwa hai. Nani angefikiri kumwekea maiti swichi?

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mwanamke wa Kananga. *Mama Germaine?* Wa pili, Ulaya. *Bantu, munaona hii taa, ao ni macho yangu?* Wa tatu uliandika jina la Yesu, basi.

Kisha ukaja mwingine.

*Mama. Ni Ndaya. Uko?*

Binti yake. Miaka minne bila neno. Germaine alipougua, Ndaya alipanda treni kutoka Kasai, na treni ikakwama njiani siku baada ya siku. Chumba cha maiti hakikuwa na umeme. Ambroise alimzika mkewe. Ndaya alifika akakuta udongo, akalia juu yake, akageuka bila kumsalimia baba yake, na tangu hapo hata namba ya simu alibadili.

Alipandisha ukurasa wa Germaine. Ndaya alikuwa amemwandikia mama yake kila Jumapili. Bei ya unga. Jino la mtoto. Mtoto gani? Ambroise hakujua kwamba ana mjukuu. *Mama, anacheka kama papa,* ilisema Jumapili moja. Yote hayo yalikuwa humu, na yeye alikuwa amekaa nje na kiburi chake kama mtu anayelinda choo.

*Kama si mama, nani anatumia jina lake?*

Saa tatu na nusu, pengine zaidi kidogo. Kule gare Masengo alikuwa tayari anakata lakiri ya mlango wa behewa. Akinyamaza, betri zitapakiwa, Bitota atakuja, na jioni watakula pamoja, wanne, mahali pengine. Akisema, atakuwa amewauza watu pekee waliokula na kucheka naye katika miaka hii minne.

Na baraza zima litajua kwamba jina la Germaine liliibia watu wake.

Aliandika. *Ni baba yako.*

Taa ya Ndaya ilibaki kijani. Ambroise akaendelea kabla moyo haujageuka.

*Niliingia na jina ya mama kuonyesha wezi wagoni. Ya ine, ya batri. Iko wanaifungua sasa. Wako na bunduki moja. Upigie Kanyinda, iko ku misa. Apeleke polisi ku gare.*

Feni ya kompyuta ilizunguka. Nje jogoo alipita dirishani, akikosoa kitu.

*Nimemupigia,* Ndaya aliandika.

Kisha: *Kwa nini unaniambia?*

Aliandika neno moja, akalifuta. Mbali, upande wa reli, risasi moja ililia, halafu mbili zikafuatana.

*Papa, uko?*

*Niko.*

*Kitu moja tu. Hakuna mutu mwingine alikuwa naye. Mama alisema nini mwisho?*

Lori lilifunga breki nyuma ya nyumba.

Ambroise aliandika haraka, macho karibu na kioo: *Aliuliza kama treni imefika. Nikamwambia imefika, Ndaya iko anashuka*

Mlango ulifunguka. Bitota aliingia, shati limelowa, damu isiyo yake kwenye mkono.

"Masengo ameanguka. Tshilumba wamemukamata. Walitokea kanisani na polisi, moja kwa moja, kama wameitwa." Alimshika Ambroise begani. "Simama, papa. Lori iko inawaka."

Alikuwa amerudi. Angeweza kukamata njia ya Kabongo peke yake, na alikuwa amerudi.

"Waliitwa," Ambroise alisema.

Mkono ulibaki begani. Kisha ukatoka.

"Njo weye?"

"Njo minyi."

Bitota alitazama kioo, ile taa ya kijani, yale maneno yaliyokatika. Hakuinua sauti. "Unamuandikia nani?"

"Mutoto wangu."

"Minyi nilikuwa nakuletea samaki."

"Najua."

"Nikikutolea miiba."

"Najua, Bitota. Niache nitume hii moja tu. Halafu fanya unavyopenda."

Bitota aliinama. Ambroise alifumba macho. Lakini dereva aliingiza mikono chini ya meza, akashika nyaya mbili na kuzing'oa. Kioo kikazimika. Feni ilizunguka mara chache zaidi, ikachoka.

Akaichukua simu juu ya meza, akaitia mfukoni. Akaibeba betri kifuani kama mtoto aliyelala.

"Tulikuja kutafuta batri," alisema. "Moja niko nayo."

Lori liliondoka. Ambroise alibaki mbele ya kioo cheusi, vidole bado juu ya herufi. Kule Kasai, Ndaya alikuwa ameiona taa ya mama yake ikizimika, na hakuna aliyemwambia sababu.

Alibonyeza hata hivyo. Akabonyeza tena.

Polisi walimkuta hivyo. Hawakuwa na haja ya kuvunja mlango. Mkubwa wao, Umba, alivuta kiti alichokalia Bitota siku iliyotangulia, akasukuma miiba ya samaki kando, akatoa kalamu.

"Haya, muzee. Maelezo yako. Anzia mwanzo, sema taratibu, niko naandika."

"Itasomwa?"

"Itasomwa ku mahakama, mbele ya bantu yote."

Ambroise alinyoosha mgongo.

"Andika," alisema. "Aliuliza kama treni imefika."